Kabati Linalonata: Osheni Kwanza, Pakeni Baadaye



Wapendwa wanandoa, somo letu la leo linahusu kitu kinachopatikana katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, nacho ni kabati la zamani la mbao ambalo vanishi yake imeanza kunata. Ukishika mlango wake, vidole vinagandana nao. Ukiacha gazeti juu yake jioni, asubuhi karatasi inachanika. Vumbi la kiangazi hutua hapo na halipanguswi tena.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya vanishi yanahusiana vipi na ukurasa wa ndoa? Yanahusiana sana. Kwanza, hii ni kazi ya nyumbani inayofaa kufanywa na mume na mke pamoja, bila gharama kubwa. Pili, kabati la namna hiyo mara nyingi lina historia. Labda lilitolewa kama zawadi siku ya harusi, au lilikuwa la mama mkwe. Mkigombana juu yake, mara nyingi hamgombani juu ya mbao.

MFANO AMBAO WENGI WATAUTAMBUA

Tumfikirie mume anayefanya kazi Mombasa, na mke anayebaki nyumbani karibu na Wote akitunza watoto na shamba. Sebuleni kuna kabati la vyombo alilowaachia marehemu mama wa mume. Kwa miaka mingi mke amepika karibu nalo, amelipangusa, amelipaka mafuta ya kung'arisha na kulifunika kitambaa cha plastiki. Sasa linanata. Mke anasema, "Baba watoto, hili kabati tuliuze, tununue jingine." Mume anasikia, "Vitu vya mama yako havina maana."

Mume hajibu. Anaporudi mwezi unaofuata, anamwita fundi bila kumwambia mkewe, anamlipa, na kabati linapakwa vanishi mpya juu ya ile ya zamani. Kwa siku chache linang'aa kama kioo. Baada ya miezi miwili linanata kuliko mwanzo. Mke anamwambia, "Si nilikuambia?" Mume anajibu kwa ukali. Tangu siku hiyo, wakizungumza kwa simu wanataja karo na mvua tu, kisha wanaagana.

Tazameni vizuri. Mke hakuwa amemdharau marehemu. Yeye ndiye aliyelishika kabati hilo kila siku, na alichoka. Mume naye hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuokoa kumbukumbu ya mama yake. Lakini hakuna aliyemwuliza mwenzake neno moja. Vanishi mpya ilipakwa juu ya uchafu, na ukimya ukapakwa juu ya uchungu.

KWA NINI VANISHI HUNATA?

Kabla ya kutibu, ni lazima kujua ugonjwa. Mahali penyewe panaponata patawaambia mengi.

Ikiwa panaponata ni karibu na vishikio na kwenye kingo za milango, chanzo ni mafuta na jasho la mikono. Mafuta hayo huingia ndani ya vanishi polepole na kuilainisha.

Ikiwa ni upande unaoelekea jiko au sehemu ya juu karibu na dari, chanzo ni mvuke wa mafuta ya kupikia na moshi. Hivi viwili hutua kama utando mwembamba, vumbi likashika, utando mwingine ukaja juu yake.

Ikiwa ni pale palipofunikwa kitambaa cha plastiki, chanzo ni plastiki yenyewe. Plastiki laini hutiwa dawa ya kuifanya ikunjike, na dawa hiyo huhama taratibu na kuingia katika vanishi iliyo chini yake, hasa katika joto. Wengi hufunika fanicha kwa plastiki wakidhani wanaitunza, kumbe ndiyo inayoiharibu.

Ikiwa kabati zima linanata, huenda vanishi ilipakwa nzito mno, au ilipakwa juu ya mafuta na nta, au mkono wa pili ulipakwa kabla ule wa kwanza haujakauka. Vanishi ya namna hiyo inaweza kubaki laini kwa miaka.

Msikimbilie kulitupa. Makabati mengi ya kwetu yalitengenezwa kwa mbao ngumu. Mukau, mti wa nyika yetu ulio wa jamaa moja na mwarobaini, hutoa mbao nzuri zenye rangi ya kahawia nyekundu, ambazo mchwa haziwezi kwa urahisi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, yaani KEFRI, imefanya kazi Kitui na Kibwezi ili kupata mbegu bora za mti huo, kwa sababu ule wa mwituni ulikatwa sana. Kabati la mukau linalonata ni mbao nzuri iliyovaa nguo chafu. Mnachotakiwa kubadilisha ni nguo.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Chagueni siku za ukavu, kabla ya mvua za Oktoba au baada ya zile za Machi hadi Mei kwisha, maana unyevu huchelewesha vanishi kukauka. Fanyeni kazi asubuhi, upepo wa vumbi ukiwa haujaanza, kivulini, mahali penye hewa.

1. Ondoeni vyombo na fungueni milango.
Toeni vishikio na bawaba, mtie skrubu katika kikopo kimoja. Andikeni alama ndani ya kila mlango ili mjue utarudi wapi.

2. Osheni.
Tieni matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo katika maji vuguvugu. Chovyeni kitambaa cha pamba, mkikamue sana, msugue sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Mmoja aoshe, mwingine afuate nyuma na kitambaa kikavu, kwa maana mbao hazipendi kulowa. Badilisheni maji yanapokuwa meusi. Mtashangaa mtakavyobadilisha mara nyingi. Kama kuna nta ya zamani ambayo sabuni haiiondoi, tumieni tapentaini kidogo katika kitambaa safi. Msitumie mafuta ya taa, kwa sababu huacha mafuta mengine juu ya mbao. Petroli isikaribie kabisa: mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo.

3. Subirini siku mbili au tatu, kisha mpime.
Bonyezeni kidole gumba mahali palipokuwa pananata. Kama hakiachi alama wala hakigandi, ugonjwa ulikuwa uchafu tu, nanyi mmepona. Pakeni nta kidogo, mpanguse, na kazi imekwisha. Makabati mengi yaliyohukumiwa kutupwa huishia katika hatua hii.

4. Kama bado linanata, jueni aina ya vanishi.
Jaribuni mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango. Chovyeni pamba katika spiriti mguse mbao. Kama utando unayeyuka, hiyo ni shelaki. Kama hauyeyuki, jaribuni thina. Ukiyeyuka, hiyo ni laka. Kama hakuna kinachoyeyusha, basi ni vanishi ya mafuta au ile ngumu ya kisasa.

5. Ondoeni utando uliolainika.
Shelaki na laka huondolewa kwa kitambaa kilichochovywa katika kile kilichoziyeyusha, mkibadilisha kitambaa mara kwa mara. Vanishi nyingine hukwanguliwa kwa kisu butu kipana, mkifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Mkinunua dawa ya kuondolea rangi, someni maagizo ya kopo na muitumie nje tu. Vaeni glavu. Jiko, koroboi na sigara viwe mbali. Mama mjamzito na watoto wasiwe karibu. Na kama kabati limewahi kupakwa rangi ya zamani, msilipige msasa likiwa kavu, kwa maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Hapo ulizeni fundi mwenye ujuzi.

6. Pigeni msasa.
Anzeni na namba 120, kisha 180, kisha 240, daima mkifuata mkondo wa mbao. Wachongaji wa Wamunyu, ambao ufundi wao ulianzishwa na Mutisya Munge baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, huchonga kinyago na kukipiga msasa hadi kilainike, ndipo wakipake polishi. Polishi haifichi mikwaruzo, bali huionyesha zaidi. Pangusuni vumbi lote kabla ya kuendelea.

7. Pakeni mikono miembamba.
Vanishi ya mafuta ya mkono wa kwanza ipunguzwe makali kwa tapentaini kidogo ili iingie katika mbao. Acheni siku nzima. Piteni juu yake kidogo kwa msasa wa namba 240, mpanguse, mpake mkono wa pili. Fanyeni vivyo hivyo kwa wa tatu. Mikono mitatu miembamba ina nguvu kuliko mmoja mnene. Ule mnene hukauka juu tu, ukabaki laini ndani.

8. Ngojeni tena.
Vanishi ikiwa kavu kwa kuguswa bado haijakomaa. Acheni kama mwezi mmoja kabla ya kuweka vitu vizito juu yake. Kisha tandikeni vitambaa vya pamba vya kufuma kwa mkono, vile mnavyovifahamu kina mama, wala si plastiki.

Tahadhari ya mwisho: vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Vianikeni nje vikiwa vimetandazwa hadi vikauke, au mvitie katika ndoo ya maji.

TUNAJIFUNZA NINI KATIKA NDOA?

Bwana wetu, aliyejulikana kwao Nazareti kama seremala (Marko 6:3), alipenda kufundisha kwa kazi za mikono. Aliwakaripia wale waliosafisha kikombe kwa nje huku ndani kukiwa kuchafu, akawaambia waanze na ndani (Mathayo 23:25-26). Mume wa mfano wetu alifanya kinyume. Alianza na kung'arisha.

Ni wanandoa wangapi hufanya hivyo? Mume amemkosea mkewe mbele ya wageni. Badala ya kusema "nimekosa", anarudi jioni na nyama kilo mbili. Mke amesema neno baya juu ya wakwe zake. Badala ya kuliondoa neno hilo, anapika chapati. Nyama na chapati ni njema, lakini zimepakwa juu ya mafuta. Baada ya wiki chache jambo dogo linatokea, mfano chumvi kuzidi, na ghafla yanatoka ya mwaka juzi. Mtu wa nje anashangaa: chumvi tu? Lakini haikuwa chumvi.

Basi fuateni hatua zile zile.

Kwanza, chunguzeni ni wapi panaponata. Je, ni pesa? Je, ni jamaa? Je, ni wakati mume anaporudi kutoka mjini baada ya majuma mengi na kuanza kutoa amri katika nyumba ambayo mke ameiendesha peke yake? Msiseme "wewe huwa mbaya siku zote". Kabati halinati kila mahali. Onyesheni mahali penyewe.

Pili, jaribuni mahali pasipoonekana. Jambo gumu lisianzishwe mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe, wala kwa simu mmoja akiwa ndani ya matatu. Tafuteni saa yenu wawili.

Tatu, osheni kabla ya kukwangua. Si kila ugomvi unahitaji wazee wa pande zote mbili. Mengi huisha kwa maji vuguvugu na uvumilivu. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizikumbusha familia umuhimu wa kusema naomba, asante na samahani. Ni maneno madogo, na hayahitaji kwenda dukani. Mtume Paulo naye anatuonya tusiibebe hasira yetu hadi jua kutua (Waefeso 4:26). Uchafu wa leo hutoka kwa kitambaa. Wa miaka 10 hutaka kisu.

Nne, pakeni wembamba, mkangoje. Baada ya kuombana msamaha, wengine hutaka kila kitu kirudi kama siku ya harusi usiku ule ule. Haiwi hivyo. Aliyeumizwa huweza kusamehe leo na bado akahitaji muda kuamini. Mumpe muda huo. Neno jema leo, ahadi ndogo iliyotimizwa kesho, ndiyo mikono miembamba inayoshika.

Turudi kwa wale wawili wa Wote. Dawa yao haianzi na kopo la vanishi. Inaanza mume anaposema, "Mama watoto, nilimwita fundi bila kukuuliza, na wewe ndiye unayeishi na hili kabati. Samahani." Na mke anaposema, "Sikujua lilikuwa na uzito huo moyoni mwako. Niambie mama alilipata wapi." Huenda mwishowe wakaliosha pamoja likapona. Huenda pia wakakubaliana kuliuza. Yote mawili ni sawa, mradi wameamua wawili.

JAMBO LISILOOSHWA KWA SABUNI

Wapendwa, hapa lazima tuseme wazi. Yako mambo ambayo si uchafu wa kupanguswa. Kipigo, vitisho, kumlazimisha mwenzako, au kumnyima chakula yeye na watoto, si "ugomvi wa kawaida wa nyumbani". Uvumilivu wa Kikristo hauna maana ya kukaa mikononi mwa anayekuumiza. Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu mwaka 2015, na nambari ya simu 1195 hupokea wanaohitaji msaada bila malipo. Nenda mahali salama kwanza. Mwone paroko, chifu, polisi au daktari. Jumuiya isimwambie mtu wa namna hiyo arudi nyumbani akasali tu. Mbao zikiwa zinaungua, mtu hafikirii vanishi.

KAZI YA NYUMBANI

Juma hili, chagueni kitu kimoja nyumbani kinachonata au kilichochakaa: kabati, meza, au hata mlango wa jikoni. Kiosheni pamoja, mmoja akiosha na mwingine akikausha. Mkiwa katika kazi hiyo, kila mmoja aeleze kwa ufupi: "Mahali ambapo mimi nawe tunanata ni hapa." Mwenzake asijibu mpaka maji yabadilishwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Haya yanaweza kutumiwa katika jumuiya ndogo ndogo, iwe katika Jimbo la Kitui au katika Jimbo la Wote, lililozaliwa kutoka Jimbo la Machakos mwaka 2023.

1. Katika nyumba zetu, ni nini tunachopenda kupaka juu ya makosa badala ya kuomba msamaha?
2. Wanandoa wanaoishi mbali kwa sababu ya kazi wafanye nini ili maamuzi ya nyumba yawe ya wote wawili?
3. Vitu tulivyoachiwa na wazazi vinatuunganisha au vinatutenganisha?
4. Jumuiya yetu inaweza kumsaidia vipi mtu anayeumizwa nyumbani, kwa vitendo na si kwa maneno tu?

TUSALI

Ee Yesu, uliyefanya kazi ya mbao pamoja na Mtakatifu Yosefu, zitazame nyumba zetu. Utupe ujasiri wa kuonyeshana panapouma, unyenyekevu wa kuomba msamaha, na saburi ya kungoja. Uwalinde wote wanaoishi kwa hofu chini ya paa zao wenyewe. Utufanye tuoshane kwa upendo kama ulivyowaosha wanafunzi wako miguu. Amina.